Tulichinja Hilux Kufufua Land Rover: Hesabu Zote, na Giaboksi Iliyotuponyoka



Ukitoka Kericho ukapitia Litein na Kaplong hadi Bomet, huwezi kukosa kuliona: gari la zamani limeegeshwa kando ya boma chini ya mparachichi, matairi yameisha upepo, kuku wamehamia ndani. Mara ni Land Rover, mara ni Peugeot 504, mara ni Datsun. Uliza bei uone. Haliuzwi. Bodi iko sawa, fremu iko sawa, ni injini tu iliyokufa. Na kila bonasi ya chai ikikaribia kuingia, mwenyewe anasema, "Mwaka huu lazima lingurume." Halafu karo inafika kwanza.

Kuna njia ambayo watu wengi wa huku wanaijua ila wachache wanaipigia hesabu. Unanunua gari la pili, lililogongwa au kupinduka lakini lenye injini nzima. Unatoa injini, unaipachika kwenye gari lako la zamani, kisha unauza vilivyobaki kipande kwa kipande mpaka pesa ya injini irudi. Gereji wanaita kuchinja gari. Ni kama kununua ng'ombe mzima kwa sababu unataka maini. Ukiuza nyama, ngozi na kwato vizuri, maini yanakuja karibu bure. Ukiuza vibaya, umekula maini ghali sana na mizoga imejaa nyumbani.

Tunajua kwa sababu tumefanya. Mwenzetu mmoja hapa ofisini ni kijana wa Silibwet, kaunti ya Bomet. Babake, ambaye siku hizi sote tunamwita Mzee, aliendesha magari ya shamba la chai huko Kericho miaka mingi, na alipostaafu akanunua kwa mnada Land Rover ileile aliyokuwa akiiendesha. Series III, ile ndefu ya 109. Imebeba majani hadi kituo cha kununulia, imebeba wagonjwa usiku hadi Tenwek, imebeba maharusi. Injini ilipokufa ilikaa miaka sita bila kuwaka. Mzee amepita sabini, na hajawahi kumwomba mwanawe kitu kingine.

Mwenzetu alikuwa na akiba ya 120,000. Sisi wanne tukamkopesha 25,000 kila mmoja, jumla 220,000. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo na ulikuwa rahisi: vipande vikiuzwa, kwanza alipwe fundi, halafu sisi turudishiwe. Tunaweka hesabu zote hapa, pamoja na sehemu ya kutia aibu, maana sisi ni watu wa kampuni ya malipo na tulilizwa kwa malipo.

Kwa nini Land Rover, na kwa nini injini ya Toyota

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi za hapa Kenya ziliunganishwa Thika kwenye kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya. Kwenye mashamba ya chai ndizo zilizopanda milima mvua ikinyesha. Injini yake ya petroli ni ya lita 2.25. Ni injini ya uvumilivu, lakini inakunywa. Na kila tarehe 14 EPRA inapotangaza bei mpya, mwenye injini hiyo ndiye anayekaa karibu na redio.

Fundi wetu alipendekeza 3L, dizeli ya Toyota ya lita 2.8 iliyokuwa kwenye Hilux na HiAce za zamani. Sababu zake zilitushawishi. Haina turbo, haina kompyuta, pampu yake ni ya kawaida ambayo fundi wa Kaplong anaifungua na kuifunga bila laptopu. Nguvu yake si kubwa kupita kiasi, na hilo ni zuri, kwa sababu ekseli za Land Rover za zamani si za kuchezewa. Ukiweka injini kubwa ya kujigamba utakuwa unanunua ekseli kila msimu.

Kabla ya hapo tulibishana kidogo. Mmoja wetu anapenda magari ya maonyesho, yale ya Africa Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi tangu 1970, na alisema kubadilisha injini ni kuua historia. Ana hoja. Kama gari lako ni adimu, bodi haijaguswa na injini ya asili inaweza kutengenezeka, itengeneze hiyohiyo, maana mnunuzi wa magari ya kale analipia uasili. Land Rover ya Mzee ilishachomelewa mara nyingi na kupakwa rangi tatu tofauti. Hiyo ni gari ya kazi. Tulikubaliana kwamba injini ya zamani haiuzwi wala haitupwi: inafungwa, inapakwa oili, inawekwa ghalani.

Na kama kuna mtu anakucheka kwa kuhangaikia gari kuukuu, mkumbushe kwamba Joginder Singh, aliyezaliwa hapahapa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari Rally ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshakimbia Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine.

Kununua ng'ombe

Hilux tuliipata karibu na Sotik. Ilikuwa imepinduka, paa limelala na mlango mmoja umekwisha, ila mbele ilikuwa salama. Bei 210,000, na kuivuta hadi Silibwet 9,000.

Fundi aliikagua kabla hatujatoa hata shilingi. Alitaka iwashwe ikiwa baridi, si baada ya mwenyewe kuipasha moto asubuhi. Alifungua mfuniko wa oili ikinguruma aone kama inapumua kwa nguvu. Akatazama rejeta kama maji yanatoa mapovu, kwa sababu injini hizi zikichemka sana hedi hupasuka, na hedi iliyopasuka inakula faida yote. Mkanda wa taimingi hakuuangalia hata. Alisema huo unabadilishwa tu, injini ikiwa nje, usiulize una umri gani.

Kisha ikaja zamu yetu, na hapa kuna mambo ambayo tungependa kila mteja wetu ayafanye hata kama hanunui gari.

Kwanza tulitafuta rekodi ya gari hilo NTSA kupitia eCitizen. Ada ni ndogo ukilinganisha na kinachoweza kukupata. Rekodi inakuonyesha jina la mwenye gari, nambari ya injini, nambari ya chesisi, na kama kuna benki au sacco iliyoandikwa humo kwa sababu ya mkopo. Gari lenye mkopo ukilichinja, umechinja ng'ombe wa mtu mwingine.

Pili, jina. Muuzaji alitupa nambari ya simu ya kutuma arubuni. Tulipoiingiza, kabla ya kuthibitisha, jina lililojitokeza halikuwa lile la kwenye logibuku. "Hiyo ni ya shemeji yangu, nyinyi tumeni tu." Labda ilikuwa kweli. Tulimwambia kwa heshima kwamba pesa itaenda kwa mwenye gari au haitaenda. Alinung'unika, akatoa nambari yake. Watu wengi hulipita lile jina haraka kana kwamba ni tangazo. Lile jina ndilo ulinzi wako wa mwisho. Ukishabonyeza thibitisha, mambo yote yanayofuata ni ya kuomba.

Tatu, tuligawa malipo. Arubuni ya 20,000 siku ya kukubaliana, na 190,000 siku ya kukabidhiwa gari, logibuku na makubaliano ya mauzo yenye nakala za vitambulisho vya pande zote mbili. Wengine bado wanabeba noti kwenye mfuko wa suruali kwa kudhani simu haiwezi kiasi hicho. Inaweza. M-Pesa, kwa mfano, tangu 2023 inaruhusu muamala mmoja wa hadi 250,000. Ukituma kwa simu unabaki na rekodi yenye tarehe, saa na jina, na siku ambayo polisi watauliza injini hii imetoka wapi, utashukuru.

Kuuza nyama

Hapa ndipo mradi unapofaulu au kufa. Majirani zetu wengi waliojaribu wamebaki na magari mawili yasiyotembea badala ya moja, kwa sababu walitoa injini kwa furaha, wakauza matairi, pesa ikaingia kwenye akunti ya kila siku ikachanganyika na ya unga na ya krediti, na baada ya miezi miwili hakuna anayejua ilikwenda wapi. Fundi naye anasubiri.

Tulifungua nambari ya till kwa ajili ya mradi peke yake. Kila pesa ya kipande iingie humo, na kila malipo ya fundi yatoke humo. Kila kipande cha Hilux tulikiandika nambari kwa rangi nyeupe, tukakipiga picha kikiwa na nambari hiyo, na nambari ileile tukaiandika kwenye daftari karibu na muamala wake. Daftari la shule, la shilingi hamsini. Tulishangaa jinsi lilivyopunguza ugomvi.

Vilivyotoka haraka ni vile ambavyo watu wa huku wanavitumia kila siku. Kariaji ya nyuma ilinunuliwa na mtu wa Longisa aliyetaka kuifanya trela: 35,000. Rimu na matairi, pamoja na la akiba, 24,000. Difu na ekseli yake 22,000, na mnunuzi hakuwa na gari kabisa, alikuwa anatengeneza mkokoteni. Kisha vikafuata vipande kumi vya pole pole: boneti, mlango uliobaki mzima, springi, boksi la usukani, propela, mikono ya mbele, viti, taa, dashibodi, na mwisho fremu na kabati kama chuma chakavu. Hivyo kumi kwa jumla vilituletea 87,000.

Msimu una maana kuliko tulivyodhani. Tulianza kuuza Julai na simu haikulia. Baridi, ukungu, majani machache, watu hawana pesa. Bonasi ilipoingia kwenye akaunti za wakulima, tuliuza kwa wiki tatu kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Kama unapanga kuchinja gari sehemu hizi, nunua wakati watu hawana pesa na uuze wakati wanazo. Si maneno ya darasani, tuliyaona kwenye daftari.

Kosa moja tuliloepuka kwa kukemewa: tulikuwa tayari kuuza dashibodi pamoja na nyaya zake zote. Fundi akapiga kelele. Rilei ya plagi za kupasha moto iko humo, swichi iko humo, na gari halitawaka asubuhi ya Bomet bila hivyo. Usiuze kitu chochote kidogo mpaka injini iwake ndani ya gari jipya. Klachi, stata, altaneta, maunting, mipira ya rejeta, kebo ya mafuta, bolti, hata vile vibano ambavyo huvijui kazi yake. Kila kimoja ukikiuza kwa 500 utakinunua tena kwa 3,000, na utaenda kukitafuta Nairobi kule Kirinyaga Road.

Giaboksi

Giaboksi ya Hilux hatukuihitaji. Land Rover ina yake, iliyoungana na mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne, na hiyo ndiyo roho ya gari lile. Kwa hivyo tuliibakiza, na ile ya Hilux ikawekwa sokoni kwa 28,000. Baada ya kariaji ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa zaidi.

Mnunuzi alipiga simu Jumapili jioni. Sauti nzuri, anajua magari, aliuliza maswali ya maana kuhusu gia ya tatu. Alisema yuko Nakuru, amemtuma kijana wa pikapu ambaye tayari alikuwa Bomet na mzigo mwingine. Mwenzetu akampa nambari ya till. Dakika tano baadaye akapiga tena. "Mkubwa, till yako inakataa. Nipe namba yako nitume moja kwa moja, kijana asilale njiani."

Mwenzetu akampa. Betri ya simu ilikuwa asilimia nne, mtandao ulikuwa ukija na kwenda, mvua imeanza, kijana wa pikapu anapiga honi. SMS ikaingia: umepokea 28,000 kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa. Wakapakia giaboksi wote wawili, Mzee akishika tochi. Pikapu ikaondoka.

Asubuhi, simu ilipopata chaji, salio lilikuwa lilelile la Jumamosi.

Tukiisoma ile SMS leo tunaona kila kitu. Haikutoka kwa jina la huduma, ilitoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Salio lililoandikwa humo halikukaribia salio lake halisi, kwa sababu aliyeandika hakuwa na namna ya kulijua. Hakukuwa na nafasi baada ya koma mahali pawili. Lakini Jumapili usiku kwenye mvua huwezi kuona koma. Aliripoti polisi akapewa nambari ya OB. Nambari ya yule mtu ilizimwa. Giaboksi hatujaiona tena.

Tumelizungumza sana hili ofisini, na hatudhani alikuwa mjinga. Anafundisha wateja mambo haya kila wiki. Kilichomponza ni haraka iliyopangwa na mtu mwingine: gari linasubiri, kijana atalala njiani, till inakataa. Kwa hivyo baada ya siku ile tulikubaliana utaratibu ambao hauhitaji mtu kuwa macho.

Kipande hakitoki kwenye boma mpaka mtu afungue programu ya simu, au abonyeze nambari ya kuuliza salio, aone pesa imo. SMS haihesabiki kama malipo. Simu ikizima, kipande kinalala. Mtandao ukipotea, kipande kinalala. Mnunuzi akisema till inakataa, tunamjibu kwamba tutasubiri ikubali. Na anayeuza si yule anayethibitisha: mwenzetu anaongea bei huko Silibwet, mmoja wetu huku mjini anatazama till na kusema ndiyo. Wanunuzi wa kweli hawakukasirika hata mmoja. Mtu wa difu alisema, "Ngoja basi ninywe chai."

Ujanja wa pili ulitujia mwezi uliofuata, na huo tuliukwepa. Pesa ya kweli iliingia, 6,500 ya propela, kisha mtu mwingine akapiga simu akilia kwamba ametuma kimakosa, tumrudishie kwa nambari fulani. Usirudishe kwa mkono wako. Akiwa amekosea kweli, yeye aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, nasi tutakupigia kukuuliza. Ukimtumia mwenyewe, anaweza pia kuomba ule muamala wa kwanza ubatilishwe, na umelipa mara mbili. Katika kisa chetu propela ilikuwa imenunuliwa kihalali na aliyepiga simu hakuwa mnunuzi. Hatujui alijuaje kuhusu pesa hiyo, ila tangu siku hiyo tumeacha kuandika "IMEUZWA" na bei kwenye kundi la Facebook.

Na PIN, tulisema hatutaizungumzia sana: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza. Basi.

Kupachika

Injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover hazijawahi kukutana. Matundu ya bolti hayalingani, na kina hakilingani. Kinachoziunganisha ni bamba nene la chuma linalokerezwa kwa vipimo. Hapa usitafute bei rahisi. Ncha ya shafti ya giaboksi lazima ikae katikati kabisa ya krankshafti, na ikiwa pembeni hata kwa unene wa kucha, klachi na beringi zitaliwa taratibu, nawe utamlaumu fundi wa klachi bure. Bamba letu lilikuwa 18,000. Kazi ya fundi 45,000, kupima na kusafisha pampu ya dizeli 14,000, klachi 12,500, egzosi 8,000. Jumla 97,500. Mkanda wa taimingi, oili na filta alilipa Mzee mwenyewe na akakataa kusema ni pesa ngapi.

Fundi hatukumlipa zote mbele. Theluthi moja alipoanza, theluthi ya pili injini ilipokaa kwenye maunting, iliyobaki baada ya gari kupanda njia ya Tenwek bila kuchemka. Kila mara pesa ilitoka kwenye till ya mradi. Alipenda utaratibu huo, kwa sababu kulingana naye wateja wengi hulipa vizuri mwanzo kisha wanaanza kukwepa simu.

Sasa hesabu. Tulianza na 220,000, na Hilux na kuivuta vikala 219,000. Mauzo yote yalifika 168,000. Tukimtoa fundi na vifaa vyake 97,500, zilibaki 70,500. Deni letu sisi wanne lilikuwa 100,000. Pengo ni 29,500.

Giaboksi ilikuwa 28,000.

Kwa hivyo bila wizi ule tungerudishiwa karibu pesa zetu zote, na mwenzetu angekuwa ametumia akiba yake ya 120,000 kwa gari zima linalotembea. Injini tupu ya aina hiyo, bila stata wala altaneta, tuliambiwa 140,000, na bado ungeongeza fundi. Kuchinja kulitufaa, ila kusema ukweli kulilipa sehemu kubwa ya injini, hakukulipa kila kitu. Kulichukua miezi mitano, na boma la watu liligeuka gereji. Mamake mwenzetu ana maoni yake kuhusu hilo, hatuyaandiki. Bei hizi pia ni zetu, za mahali petu na wakati wetu, kwako zitabadilika. Deni la 29,500 mwenzetu analipa kidogo kidogo kila mwezi. Tulimwambia aache. Amekataa.

Makaratasi, kabla hujafurahi

Injini mpya ina nambari tofauti na ile iliyoandikwa kwenye logibuku ya Land Rover. Lazima NTSA ibadilishe rekodi, na kabla ya hapo gari linakaguliwa. Utaulizwa injini imetoka wapi. Ndiyo maana tuliweka logibuku ya Hilux, makubaliano ya mauzo na taarifa ya malipo kwenye bahasha moja. Mwambie pia mwenye bima yako, maana siku ya ajali nambari zisipolingana utakuwa na mazungumzo marefu.

Ada za serikali unalipia ndani ya eCitizen, kwa Paybill 222222. Mtu akisimama nje ya ofisi akakwambia utume kwa nambari yake "ili iharakishwe", hiyo si ada.

Hilux nayo ina mwisho wake wa kisheria. Ijulishe NTSA kwamba gari limevunjwa, ili lifutwe kwenye rekodi. Kuna watu watakaokuja kununua logibuku na namba pleti peke yake, na wanatoa bei nzuri sana. Tulipigiwa simu mara mbili. Hawataki bati. Wanataka kuvisha gari la wizi jina lako. Na chuma chakavu kiuzie mtu mwenye leseni, kama Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inavyotaka, na umwombe risiti. Mwaka 2022 biashara hiyo ilisimamishwa na serikali kwa miezi kadhaa baada ya nyaya na nguzo za stima kuhujumiwa, na tangu wakati huo polisi wanauliza maswali wakikuta fremu juu ya lori.

Land Rover sasa inawaka asubuhi, na moshi kidogo wa kwanza, halafu inatulia. Ina sauti ya Hilux, jambo ambalo Mzee alilikasirikia siku mbili. Anaiendesha hadi kanisani na kurudi. Ile injini ya petroli iko ghalani chini ya turubai, na mtu wa Nairobi ameshauliza bei yake mara tatu.

Kwenye daftari limebaki kipande kimoja ambacho hakijauzwa, nambari 14, kioo cha pembeni cha kushoto. Ni 1,500, na tutaangalia salio kwanza.